Kutoka Kachumbari hadi Damuni: Safari ya Flavonoidi Mwilini

Mwanafunzi wa Kipawa anayekula chakula cha mchana kwa mama lishe, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, huenda akawekewa sahani yenye wali, maharage, mchicha na kachumbari ya vitunguu vyekundu. Pembeni huagiza kikombe cha chai ya rangi. Akiondoka hapo pengine atamkuta mchuuzi wa unga wa mlonge, ambaye atamweleza kwamba unga huo husafisha damu, hushusha sukari na kuzuia maradhi kadha wa kadha, na kwamba jambo hilo limethibitishwa na sayansi.

Madai ya namna hii hayakuzuka hivi hivi. Majani ya mlonge, vitunguu, chai na mboga nyingi zina kemikali ziitwazo flavonoidi, na ni kweli kwamba wataalamu wamezijaribu kemikali hizo katika maabara na kuona zikizuia ukuaji wa bakteria au kutuliza dalili za uvimbe katika seli. Lakini kati ya jani na damu kuna njia ndefu. Swali ambalo mwalimu na mwanafunzi wa sayansi hawana budi kujiuliza ni hili: je, kemikali iliyomo katika mmea ndiyo hiyo hiyo inayofika katika damu ya mtu aliyeula mmea huo? Katika makala haya tutaifuata flavonoidi moja ya kitunguu hatua kwa hatua, tangu sahanini hadi katika mkojo, na tutaona kwamba jibu, kwa sehemu kubwa, ni hapana.

FLAVONOIDI NI NINI?

Flavonoidi ni kundi kubwa la kemikali zitengenezwazo na mimea. Aina zaidi ya 6,000 zimekwisha kutambuliwa. Msingi wa kila molekuli ya kundi hili ni atomi 15 za kaboni. Kuna pete mbili za kaboni sita sita, ambazo huitwa pete A na pete B, na kati yake pana daraja la kaboni tatu. Katika flavonoidi nyingi daraja hilo hujifunga pamoja na atomi moja ya oksijeni na kufanya pete ya tatu, pete C.

Mmea hautengenezi flavonoidi kwa ajili yetu. Huzitumia kujikinga na mionzi mikali ya jua, kuwavutia wadudu kwa rangi za maua, na kujihami dhidi ya ukungu na wadudu waharibifu. Sisi tunazipata kwa kula tu. Katika vitunguu na majani ya mlonge kuna kwesetini. Katika chai, katekini. Katika rosela na maganda ya vitunguu vyekundu, anthosianini, ambazo ndizo huleta wekundu. Katika balungi, naringini. Na katika maharage ya soya, isoflavoni.

Jambo moja inafaa likumbukwe tangu mwanzo. Katika mimea, flavonoidi nyingi hazikai peke yake, bali zimeunganishwa na molekuli moja au zaidi za sukari. Flavonoidi iliyobeba sukari huitwa glikosidi. Sukari hiyo huifanya iyeyuke katika maji kwa urahisi zaidi, na kama tutakavyoona, ndiyo pia huamua ni wapi katika utumbo flavonoidi hiyo itafyonzwa.

Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, mwanasayansi aliyejulikana kwa kazi yake juu ya vitamini C, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba flavonoidi za malimau na pilipili ziitwe vitamini P. Jina hilo halikudumu. Kufikia miaka ya 1950 liliachwa, kwa sababu haukuonekana ugonjwa unaompata mtu kwa kukosa flavonoidi, kama vile kiseyeye kimpatavyo mtu akosaye vitamini C. Kwa hiyo flavonoidi si vitamini.

MLANGO WA UTUMBO MWEMBAMBA

Tuirudie sahani yetu. Gramu 100 za vitunguu vyekundu zina takriban miligramu 20 hadi 50 za kwesetini, kutegemea aina ya kitunguu na mahali kilipolimwa. Karibu yote imefungwa na glukosi. Mpishi akichemsha vitunguu, sehemu ya kwesetini huhamia katika maji. Akiyamwaga maji hayo, ameimwaga na kwesetini. Katika mchuzi haipotei, kwa kuwa maji yake huliwa.

Mdomoni na tumboni mabadiliko si mengi. Kazi yenyewe huanza katika utumbo mwembamba. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba flavonoidi yenye sukari haiwezi kufyonzwa hapo, kwa kuwa molekuli yake ni kubwa na haipendi mafuta ambayo ndiyo sehemu kubwa ya utando wa seli. Ilidhaniwa kwamba ni lazima isubiri hadi utumbo mpana, ambako bakteria wangeiondoa sukari.

Mwaka 1995 Peter Hollman na wenzake huko Uholanzi waliipima dhana hiyo. Waliwatumia watu 9 wenye afya njema ambao utumbo mpana wao ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa upasuaji. Kwa watu hao mabaki ya chakula yalitoka moja kwa moja kutoka utumbo mwembamba, kabla ya kuguswa na bakteria wengi wa utumbo mpana, hivyo iliwezekana kupima ni kiasi gani cha kwesetini kilichobaki. Walipokula vitunguu, asilimia 52 ya kwesetini haikuonekana tena katika mabaki. Walipopewa kwesetini tupu isiyo na sukari, ni asilimia 24 tu iliyotoweka. Walipopewa rutini, yaani kwesetini iliyofungwa na sukari mbili, glukosi na ramnosi, ilitoweka asilimia 17.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi. Glukosi, iliyodhaniwa kuwa kizuizi, ilikuwa ikisaidia. Sababu yake ilieleweka vizuri zaidi miaka michache baadaye. Juu ya ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kila mwanafunzi wa baiolojia anakijua kwa kazi yake ya kuivunja sukari ya maziwa. Kimeng'enya hicho hicho huweza kuikata glukosi kutoka katika kwesetini. Kwesetini iliyoachwa huru papo hapo, ikiwa karibu kabisa na utando wa seli, huingia ndani kwa urahisi. Ramnosi, kwa upande mwingine, laktasi haiwezi kuikata. Rutini hulazimika kuendelea na safari mpaka kwa bakteria. Ndiyo maana kwesetini ya vitunguu hufikia kilele chake katika damu kabla ya saa moja kupita, hali ile ya rutini huchukua kama saa 9.

UKUTA WA UTUMBO NA INI

Je, kwesetini iliyoingia katika seli ya utumbo imefika damuni? Bado. Mwili huitazama kama kitu kigeni, na huishughulikia kwa njia zile zile uzitumiazo kuondoa dawa na sumu. Mabadiliko ya kikemikali yanayotendeka ndani ya mwili kwa jumla huitwa umetaboli. Katika umetaboli wa flavonoidi, mambo matatu hutokea ndani ya seli za utumbo, na tena katika ini.

Kwanza, molekuli hupachikwa asidi ya glukuroniki, ambayo ni ndugu wa glukosi. Pili, hupachikwa kundi la salfeti. Tatu, hupachikwa kundi la methili, yaani atomi moja ya kaboni yenye haidrojeni tatu. Kila kazi ina kimeng'enya chake, na molekuli moja yaweza kupachikwa zaidi ya mara moja. Asidi ya glukuroniki na salfeti huifanya molekuli iyeyuke zaidi katika maji, na hivyo iwe rahisi kutolewa kwa njia ya figo au nyongo.

Si hayo tu. Katika utando wa seli za utumbo kuna protini zifanyazo kazi kama pampu, ambazo husukuma sehemu ya molekuli hizi na kuzirudisha utumboni zilikotoka. Zile zilizopita huchukuliwa na mshipa wa damu uendao kwenye ini, na huko hubadilishwa tena. Baadhi hutiwa katika nyongo na kurudi utumboni, ambako bakteria huweza kuzifungua na kuzifanya zifyonzwe mara ya pili. Mzunguko huu ni sababu mojawapo inayofanya mabaki ya kwesetini ya vitunguu yakae mwilini muda mrefu: huchukua kama saa 28 kwa kiwango chake katika damu kupungua kwa nusu.

Matokeo yake ni kwamba mtu akila kachumbari, kisha damu yake ikapimwa, kwesetini huru yenyewe karibu haionekani. Kinachoonekana ni wana wa kwesetini: glukuronidi, salfeti, na maumbo yenye methili.

SHAMBA LA BAKTERIA

Sehemu kubwa ya flavonoidi tuzilazo haifyonzwi katika utumbo mwembamba. Huteremka hadi utumbo mpana, unaokaliwa na matrilioni ya bakteria. Hao huzikata sukari ambazo vimeng'enya vyetu vimeshindwa kuzikata, kisha huivunja pete C yenyewe. Molekuli ya kaboni 15 hugeuka kuwa vipande vidogo, yaani asidi za fenoli, ambazo hufyonzwa, hupita katika ini, na hatimaye hutoka katika mkojo.

Zamani vipande hivyo havikuhesabiwa. Kwa sababu hiyo anthosianini, rangi nyekundu za rosela na za matunda mengi, zilisemekana hazifyonzwi, maana iliyoonekana katika mkojo ikiwa na umbo lake la asili haikufikia hata asilimia moja. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio ambamo wanaume 8 walipewa anthosianini iliyotiwa alama kwa kaboni nzito, kaboni 13. Alama hiyo ilifuatwa kila ilikokwenda, na takriban asilimia 12 ilipatikana katika mkojo na katika pumzi. Naam, katika pumzi: sehemu ya rangi ile ilikuwa imevunjwa kabisa hadi kuwa kaboni dayoksaidi. Rangi haikuwa imepotea. Ilikuwa imebadilika sura, na watafiti wa kwanza waliitafuta kwa sura ya zamani.

Bakteria wa watu wawili si sawa. Isoflavoni moja ya soya, iitwayo daidzeini, hugeuzwa na bakteria fulani kuwa ekwoli, kemikali ambayo kwa mara ya kwanza ilipatikana katika mkojo wa farasi mwaka 1932, na kwa farasi ikachukua jina lake. Katika nchi za Magharibi takriban theluthi moja tu ya watu wana bakteria wa kuitengeneza. Kwa hiyo watu wawili waweza kula sahani moja ya soya, na kila mmoja akapata kitu tofauti katika damu yake.

HESABU NDOGO

Baada ya mlo wa kawaida wa vitunguu, jumla ya wana wa kwesetini katika utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, mara nyingi haizidi mikromoli 1 kwa lita. Uzito wa molekuli ya kwesetini ni 302. Mtu mzima ana takriban lita 3 za utegili. Basi:

mikromoli 1 × lita 3 × 302 = mikrogramu 906

Hii ni chini ya miligramu 1 iliyomo katika utegili wote kwa wakati mmoja, tukihesabu kwa uzito wa kwesetini yenyewe, ingawa mlaji alikula makumi ya miligramu. Sasa linganisha na majaribio mengi ya maabara, ambamo seli hutiwa kwesetini huru kwa kiasi cha mikromoli 10 hadi 100 kwa lita. Majaribio hayo yana tofauti mbili na mwili: kiasi ni mara kumi hadi mia, na kemikali yenyewe si ile iliyomo katika damu. Mchuuzi asemaye kwamba jambo limethibitishwa na sayansi huenda hasemi uongo kuhusu neli ya majaribio. Amekosea kuidhania neli kuwa ni mtu.

Hii haina maana kwamba mitishamba haina nguvu. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na artemisinini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria tunayoitumia, ilitoka katika mmea wa Kichina. Lakini dawa hizo zilikubaliwa baada ya kupimwa katika watu, kiasi chake kikajulikana na njia zake mwilini zikafuatwa. Hapa nchini uchunguzi wa dawa za asili umekuwa na kitengo chake Muhimbili tangu mwaka 1974, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia.

CHAI, MAHARAGE NA UPUNGUFU WA DAMU

Yafaa tueleze pia kwamba flavonoidi yaweza kuwa na athari kubwa bila kufyonzwa kabisa. Katekini za chai na mazao yake hujishikiza na madini ya chuma utumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Jambo hili lilionyeshwa katika majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 1975: chai ikinywewa pamoja na chakula, ufyonzaji wa chuma kitokacho katika vyakula vya mimea huweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Chuma cha nyama na samaki hakiathiriki sana.

Kwetu sisi hili si jambo dogo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi: malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu, na uhaba wa chuma katika chakula. Haifai kuilaumu chai peke yake. Lakini msichana anayepata chuma chake kwa maharage na mchicha, kisha akateremshia mlo huo kwa chai ya rangi kila siku, anajipunguzia kile kidogo alichonacho. Dawa yake haina gharama: chai inywewe saa moja au zaidi mbali na mlo, na mlo uambatane na kitu chenye vitamini C, ambayo husaidia ufyonzaji wa chuma. Ndimu iliyokamuliwa katika kachumbari inafaa sana.

MFANO WA BALUNGI

Mfano mwingine unatufundisha tahadhari katika kufikiri. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake huko Kanada walitangaza jambo walilolikuta kwa bahati. Walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini, wakaona dawa imezidi katika damu kuliko ilivyotazamiwa. Flavonoidi ya balungi, naringini, ndiyo ilishukiwa kwanza, kwa kuwa ni nyingi na ndiyo iletayo uchungu. Lakini ilipopewa watu peke yake haikuleta athari ile. Baadaye ilionekana kwamba wahusika wakuu ni kemikali za kundi jingine, furanokumarini, ambazo hukilemaza kimeng'enya cha ukuta wa utumbo kinachopunguza nguvu ya dawa. Kuwapo kwa flavonoidi katika tunda si ushahidi kwamba ndiyo iliyofanya kazi. Aidha, mgonjwa anayetumia dawa za kila siku na amuulize mfamasia kabla ya kuzichanganya na balungi au unga wa mitishamba.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: chai ya rangi nzito iliyopoa, misumari yenye kutu, siki, ndimu, maji safi, na neli tatu za majaribio au bilauri ndogo.

1. Loweka misumari katika siki usiku kucha. Siku ya pili siki itakuwa na chumvi ya chuma.
2. Tia chai katika neli mbili, na maji katika ya tatu.
3. Ongeza matone matano ya siki ya misumari katika neli moja ya chai na katika neli ya maji. Neli ya pili ya chai iachwe kwa kulinganisha.
4. Angalia rangi baada ya dakika chache. Kisha kamua ndimu katika neli iliyogeuka rangi, uangalie tena.

Chai yenye chuma itakuwa nyeusi kama wino, na ndimu itaufifisha weusi huo. Vitu hivi visinywewe. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba jaribio limeonyesha chai na chuma hushikamana katika neli. Halikuonyesha kinachotokea katika utumbo, ambako ukali wa asidi ni tofauti na vyakula vingine vipo. Hilo la pili lilijulikana kwa kuwapima watu.

MASWALI

1. Eleza kwa nini kwesetini ya vitunguu hufyonzwa mapema kuliko rutini.
2. Kwa nini watafiti wa mwaka 1995 waliwachagua watu wasio na utumbo mpana?
3. Mtafiti ametia seli kwesetini huru kwa kiasi cha mikromoli 50 kwa lita, na seli za saratani zikafa. Gazeti likaandika kwamba vitunguu vinatibu saratani. Taja makosa mawili ya gazeti hilo.
4. Panga mlo wa siku moja kwa vyakula vya kawaida vya nyumbani kwenu, ukionyesha saa ya kila mlo na saa ya chai, ili chuma kifyonzwe vizuri. Toa sababu.